Kumbukumbu Imejaa: Seva Pepe, Istilahi na Gharama ya Neno Moja

Neno seva halikuingizwa vinywani mwa Wakenya wengi na kamusi wala na mwalimu wa darasani. Liliingizwa na siasa. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2017, matokeo ya uchaguzi wa urais yalipopingwa mbele ya Mahakama ya Juu, na mahakama hiyo ikaagiza tarehe 28 kwamba walalamishi waruhusiwe kuona baadhi ya taarifa zilizokuwa katika seva za tume ya uchaguzi, wito wa "fungua seva" ulisikika katika mikutano ya hadhara na kwenye vituo vya matatu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa. Mabishano yakapoa kadiri miaka ilivyopita, lakini neno lilibaki, nalo lilibaki na sura moja tu: sura ya kasha. Seva ikawa sanduku lenye kufuli ambalo ndani yake ukweli umelala, na anayekataa kulifungua ana jambo la kuficha.

Sura hiyo ilitosha kwa siasa. Kwa kazi za kila siku imeleta hasara ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kuitazama, kwa kuwa chanzo chake ni cha kiisimu kabla hakijawa cha kiufundi. Seva si kasha. Ni mtumishi: hupokea maombi, huyafanyia kazi, hutoa majibu. Mtumishi huyo ana mahali pa kuwekea vitu na mahali pa kufanyia kazi, na mahali hapo ni pawili tofauti. Hata hivyo, Kiswahili kinachosikika katika ofisi nyingi kinapaita kwa jina moja: "memori" kwa wale wenye haraka, "kumbukumbu" kwa wale wenye kamusi. Simu ikikataa kupokea picha nyingine, memori imejaa. Kompyuta ikiwa nzito kwa sababu programu kumi zimefunguliwa kwa pamoja, memori imejaa. Ni maradhi mawili yenye jina moja, na dawa inayoponya la kwanza haigusi la pili.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, ingawa msomaji wa Nyeri huenda asiuone ugeni ndani yake. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kina ofisi katika jumba moja la Ruring'u. Chama kimekodi seva pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 50, na humo kimeweka mfumo unaomwezesha mkulima kuona kwa simu kilo alizopeleka kiwandani na malipo anayotarajia. Sehemu kubwa ya mwaka seva haina kazi ya kuijaza jasho. Kisha malipo ya msimu yanatangazwa, na wanachama elfu mbili na zaidi wanataka kujua hesabu zao kabla ya chai ya saa nne. Ukurasa unachelewa, kisha unagoma, kisha hifadhidata inazimika. Kijana anayeitunza seva anaiwasha upya. Baada ya dakika chache inazimika tena.

Halmashauri ya chama inamwita aeleze. "Memori imejaa," anajibu, na kwa Kiingereza cha fani yake jibu hilo ni sahihi kabisa. Katibu anaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba kumbukumbu imejaa. Mweka hazina, ambaye wiki iliyopita alinunua kadi ya kuongeza nafasi ya picha katika simu yake, anaelewa mara moja. Fedha zinaidhinishwa, diski inatoka gigabaiti 50 hadi 200, risiti inawekwa katika jalada. Msimu unaofuata seva inaanguka saa ile ile. Hakuna aliyedanganya katika kikao kile, na hakuna aliyekuwa mjinga. Neno moja lilibeba mizigo miwili, likamwagikia upande usiotakiwa.

Tofauti hii inaweza kuelezwa bila mtu kutoka Ruring'u. Makumbusho ya Nyeri yamo huko, katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni. Na ifikiriwe mahakama ya namna hiyo siku ya kazi. Nyuma kuna makabati ya majalada: kesi za mashamba, za mahari, za madeni, za miaka mingi. Mbele kuna meza. Kesi ikiitwa, karani hulitoa jalada kabatini na kulifungua juu ya meza, kwa maana hakuna mzee anayeweza kuamua kesi iliyofungiwa kabatini. Kabati ndilo diski, na jina linalolifaa ni hifadhi. Meza ndiyo kumbukumbu ya kazi. Jioni meza husafishwa na kabati likabaki na vyake, sawasawa na kompyuta inavyopoteza kilichokuwa mezani umeme unapokatika na kubaki na kilichokuwa diskini. Siku wenye kesi wanapofurika kinachokosekana ni meza, na kabati jipya halirefushi meza hata kwa inchi moja. Halmashauri ile ilinunua kabati.

Meza ikijaa, karani hasimamishi mahakama papo hapo. Huyachukua majalada ambayo hayajaguswa kwa muda, akayapeleka kando, na kuyarudisha yanapoitwa. Linux hufanya vivyo hivyo kwa kutumia sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Jambo hili ni jema likitokea mara mojamoja. Lakini kufikia kitu kilichomo katika kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali kukifikia katika diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 10 hivi, yaani mara laki moja zaidi. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza pengo hilo bila kuliziba. Kila kesi inapohitaji jalada lililopelekwa kando, karani huishia kutembea tu. Seva ya aina hiyo haijafa. Ina shughuli nyingi kuliko siku zote, ila haimjibu mtu. Amri ya vmstat huonyesha hali hiyo kwa safu mbili, ya kinachotolewa diskini na ya kinachopelekwa diskini. Safu hizo zikiwa na tarakimu kubwa dakika baada ya dakika, ugonjwa umekwisha kujulikana.

Na nafasi hiyo ya kando nayo ikiisha, Linux humchagua mmoja wa kuuawa. Mara nyingi aliyechaguliwa ni mchakato uliokalia kumbukumbu nyingi zaidi, na katika seva ya chama cha ushirika mchakato huo kwa kawaida ni hifadhidata, yaani kile kile ambacho wakulima wote wanakisubiri. Tukio hilo huandikwa katika daftari la matukio la mfumo, nalo husomwa kwa amri ya dmesg. Kwa miaka mingi ujumbe ulioandikwa humo ulikuwa na maneno ambayo mwanafunzi wa fasihi angeyadhania ya tanzia: kumbukumbu imekwisha, uawe mchakato fulani au atolewe mhanga mtoto wake. Mtoto anayetajwa ni mchakato uliozaliwa na mchakato mwingine, si zaidi. Mtu akiufasiri ujumbe huo neno kwa neno mbele ya wazee wa chama atawatia hofu bure. Akiuacha katika Kiingereza atawaacha gizani. Kinachotakiwa ni sentensi ya Kiswahili inayobeba maana: kumbukumbu ya kazi ilikwisha, mfumo ukaizima hifadhidata ili seva nzima isisimame. Sentensi hiyo haijatumia istilahi hata moja ambayo mkulima hawezi kuifuata, na haijapotosha jambo.

Usomaji wa dalili nao una mitego yake ya lugha. Amri ya free huonyesha kumbukumbu yote, iliyotumika, iliyo tupu na inayopatikana. Anayeanza hutazama iliyo tupu, akaona megabaiti 80 kati ya 2,000, akapiga mayowe. Huenda hakuna tatizo lolote. Linux haipendi kuacha meza wazi. Huijaza majalada yaliyosomwa karibuni kwa kuwa huenda yakaitwa tena, na huyaondoa mara moja nafasi inapohitajika. Tarakimu ya kutegemewa ni ya inayopatikana, ambayo Linux imekuwa ikiikadiria yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka wa 2014. Kiswahili hapa hakina upungufu. Nafasi tupu ni ile isiyo na mtu. Nafasi inayopatikana ni pamoja na ile ambayo aliyeikalia atainuka akiombwa. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi tofauti ya maneno hayo mawili amekwisha kuwafundisha nusu ya amri hiyo.

Baada ya dalili kusomwa, inakuja hesabu, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Programu ya Apache, inapofanya kazi kwa mtindo wa mchakato mmoja kwa kila mgeni, huruhusu michakato 256 kwa wakati mmoja kwa mpangilio wake wa asili. Ikiwa kila mchakato unachukua megabaiti 40, jumla ni megabaiti 10,240. Seva ya Ruring'u ina 2,048. Kwa maneno mengine, seva imeahidi mara tano ya ilicho nacho, na ahadi hiyo haijulikani kuwa ya uongo mpaka siku wageni wote wanapofika. Mji wa Nyeri uliwahi kuionja siku ya namna hiyo tarehe 23 Mei 2015, umati mkubwa ulipofurika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kwa ibada ya kumtangaza Sista Irene Stefani kuwa mwenye heri. Barabara na vyumba vya wageni vinavyotosha mwaka mzima havikukusudiwa kwa asubuhi moja kama ile. Mzigo mzito wa seva ni wa namna hiyo: si wingi, bali wingi wa pamoja.

Dawa basi ni kupunguza ahadi. Zikitolewa megabaiti 300 za mfumo wenyewe na 500 za hifadhidata, zinabaki 1,248. Zikigawanywa kwa 40, michakato ni 31. Kikomo kikiwekwa kuwa 30, mgeni wa thelathini na moja atasubiri katika foleni. Wapo watakaoona aibu kumsubirisha mteja, lakini foleni inayosonga ni afadhali kuliko mlango uliovunjwa, na katika seva inayojibu haraka foleni ya watu 100 huisha kwa sekunde chache. Baada ya hapo ndipo halmashauri inaweza kuulizwa kwa haki kama inataka kununua gigabaiti 2 zaidi za kumbukumbu ya kazi. Bei yake itakuwa tofauti na ya diski, na itakuwa bei ya kitu kinachohitajika.

Upepe wa seva huongeza tabaka jingine. Seva pepe haina mwili wake. Ni mpangaji ndani ya mashine kubwa yenye wapangaji wengi. Neno pepe, lililozoeleka katika barua pepe, limefaa sana hapa, ingawa huwafanya wengine wadhani kuwa kitu kisichoshikika hakina mipaka. Kina mipaka, na wakati mwingine mipaka hiyo ni ya uongo. Mwenye mashine ya gigabaiti 64 anaweza kuwakodishia wapangaji 40 gigabaiti 2 kila mmoja, jumla 80, akitumaini kwamba hawatazitumia zote kwa pamoja. Yeyote aliyesafiri kwa matatu kabla ya Februari 2004 anaielewa biashara hiyo. Kanuni zilizopewa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwezi huo, kila abiria alitakiwa kuwa na kiti na mkanda wake. Kabla ya hapo idadi ya viti na idadi ya nauli zilikuwa habari mbili zisizojuana. Soko la seva pepe bado lina makondakta wa zamani. Mpangaji anayetaka kiti chake hana budi kuuliza, kabla ya kulipa, kama kumbukumbu anayouziwa imetengwa kwa ajili yake au ni ya kugawana.

Njia mojawapo ambayo mwenye mashine hujirudishia kumbukumbu kutoka kwa wapangaji huitwa puto, nayo ilielezwa na Carl Waldspurger wa VMware mwaka wa 2002. Ndani ya seva pepe huwekwa programu ndogo inayofutuka: hushika kumbukumbu isiyoifanyia kazi yoyote, ili mwenye mashine aitumie kwingine. Mpangaji huona meza yake imesongwa, lakini akijumlisha michakato yake yote jumla haifiki. Yapo mambo machache katika fani hii yanayoingia katika Kiswahili bila kupoteza kitu, na puto ni mojawapo.

Uvujaji, kwa upande wake, ni istilahi ya kukataliwa. Programu yenye kasoro huomba kumbukumbu, ikamaliza kazi, isiirejeshe. Ikaomba nyingine, isiirejeshe nayo. Kiingereza huita hali hiyo kuvuja, na wafasiri wengi huifuata kwa uaminifu. Lakini Mswahili akisikia kwamba kitu kinavuja huona kikipungua na kutoka nje, kama paa au kama mtungi. Atatafuta tundu. Hapa hakuna kilichotoka nje. Kuna mchakato unaokumbatia, unaovimba siku baada ya siku mpaka uwaminye wenzake. Ulimbikizaji ni neno bora, na ubora wake si wa kupendeza masikio. Linamwonyesha fundi mahali pa kutazama. Mzigo wa wageni hupanda asubuhi ya malipo na kushuka jioni. Ulimbikizaji hupanda hata usiku wageni wanapolala, na haushuki mpaka programu izimwe na kuwashwa upya. Anayesema mlimbikizaji amekwisha kuuliza swali lililo sahihi: nani anashika asichokitumia? Anayesema mvujo anauliza kinakwenda wapi, na swali hilo halina jibu.

Itasemwa kwamba haya yote ni kazi bure, kwa kuwa fundi husoma Kiingereza, amri ni za Kiingereza, na vitabu vyake ni vya Kiingereza. Pingamizi hilo lina uzito, nalo lingeshinda kama fundi ndiye angekuwa anaamua. Haamui. Anayeamua ni halmashauri ya chama, bodi ya shule, kamati ya zahanati, na vikao hivyo huendeshwa kwa Kiswahili au kwa Gĩkũyũ, kumbukumbu zake zikaandikwa kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi ni ile ambayo ndani yake fedha huidhinishwa. Ikiwa haiwezi kutenganisha meza na kabati, urasmi wake unawagharimu wakulima.

Ni kweli pia kwamba kazi kubwa ilikwisha kufanywa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na Microsoft nayo ikaitolea Windows sura ya Kiswahili katika miaka hiyo hiyo. Juhudi hizo ziliwapa wasomaji maneno ya vitufe na menyu: fungua, hifadhi, chapisha, hariri. Zilishughulikia kompyuta iliyo na afya. Kompyuta iliyo mgonjwa iliachwa na Kiingereza. Aidha, nguvu nyingi za vyumba vya mihadhara zimetumika kubishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo una ladha yake, lakini hakuna seva iliyowahi kuanguka kwa sababu yake.

Kwa hiyo orodha nyingine ya istilahi, yenye safu mbili na isiyo na sentensi hata moja, haitasaidia sana. Kinachokosekana ni maelezo marefu yanayoendeshwa kwa mantiki ya ugonjwa: dalili, uchunguzi, hesabu, dawa. Maelezo hayo hayawezi kuandikwa na idara ya Kiswahili peke yake, wala na ya kompyuta peke yake. Eneo la Mlima Kenya lina bahati ya kuwa na pande zote mbili karibu: Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka wa 2012, kina mafundi, Chuo Kikuu cha Karatina, kilichopata yake mwaka wa 2013, huwaandaa walimu. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza iliyoandikwa na wanafunzi wawili, mmoja akiwa na seva ya majaribio na mwingine akiwa na kalamu, ingefanya zaidi ya makongamano kadhaa. Ikiandikwa, isomwe kwanza na mweka hazina wa chama cha ushirika kabla haijasomwa na mtahini.

Waandishi hao watakuta kazi fulani ngumu. Ipo ile nafasi ya diski ambako majalada hupelekwa meza inapojaa, ambayo haijapata jina la kuridhisha. Akiba lingefaa kwa sauti, lakini lina hatari: akiba ni kitu chema, na halmashauri ikiambiwa seva inaishi kwa akiba itapongeza. Ubadilishanaji ni neno la kweli lisilosema lolote kuhusu ukawivu. Ushoroba huenda ukafaa zaidi. Una kasoro, kwa kuwa ushoroba hupitiwa, haukaliwi, na mtaalamu wa istilahi atalitaja jambo hilo bila kukosea. Lakini mkulima atakayeambiwa, saa nne asubuhi ya siku ya malipo, kwamba jalada lake liko ushorobani, hatauliza bei ya kabati.